Mkia Mbele ya Ushahidi: Misemo ya Kiingereza, Kweli au Si Kweli?

Kiingereza kimejaa mikia. Mtu akishindwa na kuondoka kwa aibu, huambiwa ameweka mkia katikati ya miguu. Wachache wakiwaburura wengi, watu husema mkia ndio unaomtikisa mbwa. Hadithi inayoanza vizuri na kuishia kwa uchungu ina mwiba mkiani. Wanafunzi wetu, kuanzia Kisumu hadi Mbeya, hupewa misemo hii kwa orodha, huikariri, huitia kwenye insha, na mtihani ukishapita hakuna aliyewahi kuwauliza kama mbwa, kondoo au nge anafanya kweli hicho anachosingiziwa.

Kwangu swali hilo ndilo lenye utamu. Kila msemo wa aina hii ulianza na mtu aliyemtazama mnyama. Alipokuwa mchungaji, aliyelala karibu na zizi na kuamka na mifugo, mara nyingi aliona sawasawa. Alipokuwa mtazamaji wa mbali, au mtu aliyebuni maelezo miaka mingi baada ya msemo kuzaliwa, mara nyingi alikosea. Nimeichukua misemo inayojulikana zaidi, pamoja na imani chache zinazotembea nayo, na kuipeleka kwa mnyama mwenyewe.

Mbwa mwenye hofu huficha mkia katikati ya miguu

Kweli tupu. Kiswahili nacho kina kufyata mkia, na yeyote aliyefuga mbwa amekwisha kuliona tendo lenyewe. Mbwa aliyetishika haushushi mkia tu. Huukunja mpaka ukalala chini ya tumbo, mgongo ukapinda, masikio yakarudi nyuma na uzito wote ukahamia miguu ya nyuma. Kando ya njia ya haja kubwa mbwa ana vifuko viwili vya harufu, na harufu hiyo huwaambia mbwa wengine yeye ni nani. Anayejiamini huinua mkia ili anuswe. Mwenye hofu huziba. Mbwamwitu wa nchi za baridi hufanya vivyo hivyo mbele ya wakubwa wa kundi lao, kwa hiyo tendo hili ni la zamani kuliko mbwa wa nyumbani.

Mbwa akitikisa mkia, amefurahi

Si kweli, na hili ndilo kosa linalotoa damu. Mtoto huona mkia unacheza, hunyoosha mkono, na mkono hurudi na alama za meno.

Mwaka 2007 watafiti wa Italia, Angelo Quaranta na Marcello Siniscalchi wa Bari pamoja na Giorgio Vallortigara wa Trieste, waliwaweka mbwa 30, mmoja baada ya mwingine, ndani ya sanduku kubwa lenye dirisha, kamera ikiwatazama kutoka juu. Kila mbwa alionyeshwa mwenye mbwa, kisha mtu mgeni, kisha paka, kisha dume geni la mbwa wa aina ya Malinois, lenye ubabe. Mikia ilitikisika hata mbele ya dume lile. Tofauti ilikuwa upande. Mbwa alipomwona bwana wake, mkia uliegemea zaidi kulia; alipoliona dume, uliegemea kushoto. Sababu iko kichwani: nusu ya kushoto ya ubongo, inayoendesha misuli ya upande wa kulia, hushughulika zaidi na kusogelea jambo, na nusu ya kulia hushughulika na kujitenga nalo. Mwaka 2013 watafiti haohao wakiwa na wenzao waliwaonyesha mbwa video za mbwa mwenzao akitikisa mkia. Ulipoegemea kushoto, mioyo ya mbwa waliotazama ilienda mbio na wakaonyesha dalili za wasiwasi. Kumbe wao kwa wao wanausoma upande huo, ingawa sisi hatuuoni.

Ukiwa umesimama getini kwa jirani huwezi kupima mkia umeegemea wapi. Tazama kimo chake na ulegevu wake. Mkia uliolegea, unaopepea kwa upana hadi kiuno nacho kinayumba, ni karibu mgeni. Mkia uliosimama juu, mkakamavu, unaotetemeka kwa mapigo mafupi ya haraka, ni onyo. Mbwa huyo amepandwa na ari, na dakika inayofuata yaweza kugeukia upande wowote. Katika nchi zetu, ambako kichaa cha mbwa bado kinaua, kuumwa si jambo la kupakwa mafuta na kusahauliwa: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aliyeumwa apelekwe kupata chanjo siku hiyohiyo, hata kama mbwa alikuwa anatikisa mkia na hata kama ni wa nyumbani.

Kwa kuwa mkia ndio lugha ya mbwa, desturi ya kuwakata mikia, iliyokuja na wafugaji wa Dobermann na Rottweiler, inanisikitisha. Stephen Leaver na Tom Reimchen wa Canada walitengeneza mbwa bandia anayeendeshwa kwa rimoti, wakambadilishia mkia mrefu na mfupi, wakamwacha mahali mbwa halisi wanapotembezwa. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2008, mbwa wakubwa walimkaribia kwa urahisi zaidi alipokuwa na mkia mrefu unaotikisika kuliko ulipotulia. Mkia ulipokuwa mfupi, kutikisika au kutulia hakukuwa na maana kwao. Aliyekatwa mkia anaongea, lakini wenzake hawamsikii.

Mkia hauwezi kumtikisa mbwa

Kweli kwa mbwa, si kweli kwa wengine. Msemo wenyewe ni wa Marekani. Mwaka 1858 jijini New York ilianza kuonyeshwa tamthilia ya Mwingereza Tom Taylor iitwayo Our American Cousin, na mhusika mmoja, Lord Dundreary, bwana mkubwa mwenye akili ndogo, akapendwa na watu kuliko mashujaa wa mchezo. Kufikia 1872 magazeti ya Marekani yalikuwa yakitumia kitendawili kilichohusishwa naye, cha mbwa na mkia wake, kuwasema wanasiasa wa kundi dogo waliotaka kukiongoza chama kikubwa. Tamthilia hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akiitazama Rais Abraham Lincoln usiku wa tarehe 14 Aprili 1865 alipopigwa risasi mjini Washington.

Sasa mpeleke Dundreary Australia. Kangaruu anapokula majani haruki. Anatembea polepole, na hapo mkia ni mguu wa tano. Huegemea miguu mifupi ya mbele, huukita mkia ardhini, kisha huisogeza miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja. Mwaka 2014 watafiti walimtembeza kangaruu juu ya vibao vya kupimia nguvu, wakakuta msukumo wa mkia peke yake ni mkubwa sawa na wa miguu ya mbele na ya nyuma ikijumlishwa. Kwa kangaruu, mkia unamtikisa mnyama kila asubuhi.

Baharini hata hakuna mjadala. Jodari ana mwili mgumu usiopindapinda, na mbio zake zote zinatoka kwenye pigo la mkia, kulia na kushoto. Nyangumi nundu wanaopita pwani ya Kenya na Tanzania kuanzia mwezi wa Julai hupiga mkia juu na chini, kwa sababu wazee wao walikuwa wanyama wa nchi kavu wenye miguu minne, na mgongo wa mnyama wa nchi kavu anayekimbia hupinda juu na chini. Ukitaka kujua umeona samaki au mamalia, tazama mkia umelala upande gani.

Mkia wa mwanakondoo hutikisika kufumba na kufumbua

Kweli. Mwingereza anayetaka kusema atakuja sasa hivi husema atakuja kwa mitikisiko miwili ya mkia wa mwanakondoo, na huo ni msemo wa mtu aliyechuchumaa zizini. Mwanakondoo akishaipata chuchu, mkia huanza kwenda kwa kasi ambayo jicho linashindwa kuifuata. Wakati huohuo mama hugeuza kichwa na kunusa chini ya mkia huo, maana kwa harufu ya pale ndipo anapomtambua mwanawe. Akinusa mtoto wa mwingine, humpiga kikumbo.

Kwa kondoo mkubwa mambo ni mengine. Huko Uingereza wengi hukatwa mkia wakiwa wadogo, kwa sababu kinyesi kikigandamana na sufu, nzi hutaga mayai humo na mabuu yakaila ngozi ya mnyama akiwa hai. Nasi huku, kondoo mwekundu wa Wamaasai ana mkia ulionenepa kwa mafuta, na yule mweusi kichwa wa Kisomali amebeba mafuta yake makalioni. Ni akiba ya kiangazi, majani yakikauka mnyama huishi kwa alichokiweka nyuma. Mkia kama huo haupepei, unaning'inia. Herodoto, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba Uarabuni kuna kondoo wenye mikia mirefu mno hadi wachungaji huwaundia vigari vidogo vya kuibebea. Vigari sivitetei. Mafuta ni kweli.

Nge ana mwiba mkiani

Mwiba ni kweli, mkia si kweli. Kile tunachokiita mkia wa nge ni tumbo lake lililorefuka: pingili tano, na mwishoni kifuko cha sumu chenye mwiba. Utumbo hupita ndani yake mpaka mwisho, na nge hutolea haja kwenye pingili ya tano, karibu kabisa na kifuko cha sumu. Mkia halisi huanza pale njia ya haja inapoishia. Kwa nge hakuna kinachobaki baada ya hapo isipokuwa sumu.

Huko Amerika ya Kusini wako nge wa jamii ya Ananteris ambao, wakishikwa, huukata huo mkia na kukimbia, kama afanyavyo mjusi wetu wa ukutani. Mjusi huota mkia mwingine, ingawa ndani yake huwa na kijiti cha gegedu badala ya mifupa. Nge haoti tena. Amepoteza mwiba na amepoteza njia ya haja pamoja, kidonda huziba, na kinyesi hujaa ndani. Utafiti uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba hata hivyo aweza kuishi miezi kadhaa, na dume akaweza kupandana kabla ya kufa.

Kwa watu wa pwani, mwenye mwiba mkiani hasa ni taa. Wengi hudhani mwiba uko nchani. Hauko. Umekaa juu ya mkia, karibu zaidi na mwili, una meno pembeni yanayotazama nyuma, ndiyo maana huingia kwa urahisi na kutoka kwa kuchana. Ukichomwa, maumivu hupungua kwa kuloweka mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuyavumilia bila kuungua, kisha ukaonwe na daktari, kwani vipande vya mwiba huweza kubaki ndani.

Jogoo mwenye unyoya mweupe mkiani ni mwoga

Si kweli, na kati ya uongo wote wa mikia huu ulifika mbali kuliko mwingine.

Katika Uingereza ya karne ya 18 watu wa kila tabaka walipiganisha majogoo kwa kamari. Wafugaji waliamini kwamba jogoo wa ukoo safi wa vita hana unyoya mweupe mkiani. Mwenye nao amechanganyika na kuku wa uani, na mambo yakichacha atakimbia. Francis Grose aliuingiza msemo huo katika kamusi yake ya lugha ya mitaani mwaka 1785: kumwambia mtu ana unyoya mweupe ni kumwita mwoga. Lakini weupe wa unyoya maana yake ni kwamba chembe za rangi hazikufika pale, basi. Hausemi lolote kuhusu moyo wa jogoo. Wafugaji wale walikuwa karibu na mnyama kuliko mtu yeyote, na bado walikosea, kwa sababu kati ya macho yao na jogoo kulikuwa na pesa. Anayeuza ukoo ana haja ya alama ya kuuzia.

Mchezo wenyewe ulipigwa marufuku Uingereza mwaka 1835. Alama ilibaki. Mwaka 1902 A. E. W. Mason alitoa riwaya ya The Four Feathers, juu ya afisa wa jeshi anayejiuzulu kabla ya vita na kupewa manyoya meupe na rafiki zake watatu na mchumba wake. Miaka 12 baadaye hadithi ikatoka kitabuni ikaingia barabarani. Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa na wiki chache tu, Admirali Charles Penrose-Fitzgerald aliwakusanya wanawake 30 mjini Folkestone wawagawie manyoya meupe vijana wote watakaoonekana bila sare za jeshi. Desturi ikaenea nchi nzima, kwenye mabasi, kwenye treni, milangoni mwa viwanda.

Hebu fikiri walioyapokea. Kuna waliokuwa likizoni kutoka kwenye mahandaki. Kuna waliokuwa wamejeruhiwa na kurudishwa nyumbani, kidonda kikiwa chini ya shati. Baharia George Samson, aliyetunukiwa nishani ya Victoria Cross kwa ushujaa wake vitani Gallipoli, alikabidhiwa unyoya mweupe akiwa amevaa nguo za kiraia. Kuna vijana wa miaka 16 waliokwenda kujiandikisha kwa kudanganya umri, kwa sababu tu ya unyoya uliochomekwa kwenye koti mbele ya watu. Hatimaye, mwaka 1916, serikali ilitoa beji ya fedha kwa askari walioachishwa kazi kwa majeraha au maradhi, ili watu waache kuwasumbua. Yote hayo kutokana na imani ya wacheza kamari kuhusu mkia wa kuku.

Kumzungusha paka ni kuzungusha mjeledi

Chumba kikiwa kidogo mno, Waingereza husema hakuna nafasi ya kumzungusha paka. Waongoza watalii kwenye meli za makumbusho hueleza kwamba paka huyo ni mjeledi wa jeshi la majini, ule wa mikia tisa, na kwamba mabaharia walichapwa juu ya sitaha kwa kuwa chini hapakuwa na nafasi. Maelezo yanapendeza, lakini tarehe zinayakataa. Msemo umo katika kitabu kuhusu tauni cha mwaka 1665, na hata hapo mwandishi anautaja kama usemi wa watu wa kawaida. Jina la mjeledi linaonekana kwenye maandishi miaka 30 baadaye, katika tamthilia ya William Congreve ya mwaka 1695. Hapa ushahidi unamwelekea paka mwenyewe, maskini, ashikwe mkia. Wakati ule ukatili kwa paka ulikuwa burudani ya hadharani katika miji mingi ya Ulaya.

Pwani yetu mjeledi wa mkia ulikuwepo kweli, na haukuwa wa paka. Mkia wa taa uliokaushwa, mrefu na wenye mikwaruzo, ulijulikana vizuri na migongo ya watu. Kiboko, kinyume na wanavyodhani baadhi ya watu, si mkia wa kiboko. Ni ngozi yake nene iliyokatwa vipande virefu.

Simba hujichapa kwa mkia ili apandishe hasira

Si kweli. Wagiriki wa kale waliliamini, na mshairi wao Homer analo hilo katika picha yake ya simba anayejiandaa kushambulia. Walikuwa na kisingizio kizuri. Ndani ya kile kishada cheusi cha nywele mwishoni mwa mkia, simba huweza kuwa na kijimwiba kigumu chenye urefu wa kama milimita 5, ambacho hakionekani mpaka uzichambue nywele. Mtu aliyekigusa angesema hiki ni cha kujichomea. Lakini mkia unaochapa huku na huku ni dalili ya hasira iliyokwisha kupanda, sio chanzo chake. Simba jike akitulia, watoto hukifanya kishada hicho kuwa mchezo wao, wakikivizia na kukirukia, naye huvumilia mpaka achoke.

Wanasiasa wa Marekani wa karne ya 19 walikuwa na msemo wa kupinda mkia wa simba, simba akiwa ni Uingereza. Aliyehitaji kura za wahamiaji kutoka Ireland alisimama jukwaani na kuisema vibaya serikali ya London. Msemo huo sina ugomvi nao.

Kindi mwenye mkia uliotuna ni kindi mwenye furaha

Mmarekani akiamka mchangamfu husemwa ana macho maangavu na mkia uliojaa manyoya. Afya, ndiyo: kindi mgonjwa mkia wake hunyauka. Furaha, hapana. Manyoya ya mkia yanaposimama ghafla, kindi ameona hatari, na paka wako hufanya vilevile akikutana na mbwa.

Kindi wa ardhini wa California amekwenda mbali zaidi. Adui yake mkubwa ni nyoka mwenye njuga mkiani, ambaye ana vishimo usoni vya kuhisi joto. Kindi akimkabili huyo, huutikisa mkia na kuupasha moto kwa kuujaza damu, hivyo nyoka huhisi kitu kikubwa kuliko kilichopo. Akikabiliana na nyoka wa aina nyingine asiye na vishimo hivyo, hutikisa mkia bila kuupasha. Aaron Rundus na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilithibitisha hilo mwaka 2007 kwa kindi wa bandia aliyewekewa mkia wa kupashwa moto: joto lilipowashwa, nyoka alirudi kwenye kujihami. Huko Kalahari kindi wa ardhini huupindua mkia juu ya mgongo na kula chini ya kivuli chake.

Tausi ana mkia mrefu kuliko ndege wote wa uani

Si mkia. Yale manyoya marefu yenye macho ni ya juu ya mkia, yapata 150, na yanaota mgongoni. Mkia wenyewe ni manyoya mafupi 20 yenye rangi ya udongo, yamejificha nyuma, nayo ndiyo yanayoyashikilia yale mengine yakisimama. Marais wastaafu wa Tanzania waliogawiwa tausi wa Ikulu mwaka 2020 waliweza kuwazunguka kwa nyuma na kujionea.

Kuna mataifa ya watu wenye mikia

Si kweli, na wa kwanza kuupata uchungu wa uongo huu kwa karne nyingi walikuwa Waingereza wenyewe. Zama za Kati, Wafaransa na Waskoti waliwatukana kwamba wana mikia na wanaificha ndani ya nguo. Hadithi iliyosaidia kuueneza utani huo ilimhusu Thomas Becket, askofu mkuu wa Canterbury. Desemba 1170, katika ugomvi wake na Mfalme Henry II, mtu mmoja aitwaye Robert de Broc alimkata mkia mnyama wa mizigo wa askofu ili kumdhalilisha. Siku ya Krismasi Becket alimtenga na kanisa. Tarehe 29 akauawa ndani ya kanisa lake. Baadaye watu wakaanza kusimulia kwamba kitendo kile kilifanywa na wenyeji wa Strood, katika jimbo la Kent, na kwamba wajukuu zao walizaliwa na mikia kama adhabu.

Ulaya ilipogeuka kuitazama Afrika, ikaja na mkia uleule mkononi. Miaka ya 1850 vilichapishwa Ufaransa vitabu vilivyodai kwamba katikati ya bara letu kuna kabila la watu wenye mikia, waliowaita Niam-Niam. Jina hilo ni la watu wa Azande, ambao leo wanaishi kaskazini mashariki mwa Kongo, Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Waandishi wale hawakufika Uzande. Mwaka 1870 alifika Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, akakaa na watu, akala nao, na hakuona mkia wowote. Alichokiona kwa majirani zao Wabongo ni wanawake waliofunga kiunoni fungu la nyuzi linaloning'inia nyuma. Mtu aliyewaona kwa mbali, au aliyesimuliwa na mfanyabiashara aliyewaona kwa mbali, aligeuza vazi kuwa kiungo cha mwili, na wasomi wa Paris wakakaa kulijadili kana kwamba ni sayansi. Uongo huu sikubali uitwe wa kuchekesha. Kumpa mtu mkia ni kumtoa katika utu, na uliandikwa miongo michache tu kabla Wazungu hawajaigawana nchi hiyo.

Ukweli kuhusu mkia na binadamu hauchagui kabila. Kila mmoja wetu alikuwa nao. Kiinitete cha binadamu huwa na mkia mdogo kuanzia wiki ya nne hivi, na kufikia wiki ya nane umekwisha kumezwa na mwili. Kinachobaki ni kifandugu, pingili tatu hadi tano zilizoungana, zile unazozikumbuka ukiteleza na kukalia ukingo wa ngazi.

Ni kifandugu kilichoumia ndicho kilichomfanya kijana mtafiti wa New York, Bo Xia, ajiulize kwa nini sisi hatuna mkia ilhali tumbili wanao. Yeye na wenzake, wakiongozwa na Itai Yanai na Jef Boeke, walitoa jibu katika jarida la Nature Februari 2024. Miaka kama milioni 25 iliyopita kipande kidogo cha vinasaba kilijipachika ndani ya jeni iitwayo TBXT ya babu wa sokwe, gorila na binadamu. Paka wa kisiwa cha Man, maarufu kwa kuzaliwa bila mkia, wana kasoro katika jeni hiyohiyo, hivyo zile hadithi kwamba ni chotara wa paka na sungura, au kwamba Nuhu aliwabana mkia kwa mlango wa safina, zinaweza kupumzika. Paka hao hulipa gharama: wengi huwa na matatizo ya uti wa mgongo, na anayerithi kasoro kwa baba na mama pia hufa kabla ya kuzaliwa. Panya wa maabara waliowekewa mabadiliko yanayoiga yale ya binadamu walizaliwa na mikia mifupi au bila mkia, na baadhi yao walizaliwa na hitilafu ya uti wa mgongo inayofanana na mgongo wazi, tatizo ambalo kina mama wengi wa Afrika Mashariki wanalijua kutoka wodi za watoto, na ambalo kwa sehemu kubwa huzuiwa kwa vidonge vya asidi ya foliki mama akianza kuvitumia kabla ya kushika mimba.